Lugha ya Karani na Lugha ya Jaji

Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Hata hivyo, mtu akihama Kagera akaenda kuishi Mtwara, atasikilizwa katika ofisi ya kijiji, zahanati na kituo cha polisi kwa lugha ileile aliyohudumiwa nayo kwao. Tumelizoea jambo hili hata tukalidhani la maumbile. Sivyo. Liliamuliwa na watu, likasimamiwa na watu, na sehemu yake iliyo nyeti kuliko zote ilichelewa zaidi ya nusu karne. Nchi nyingi zingali zinabishana kama ni haki serikali ihudumie kwa lugha moja. Historia yetu inanifanya nijibu kwamba ni haki, ila kwa sharti: lugha hiyo imbane kwanza mtoa huduma, kuanzia karani hadi jaji, kabla haijambana mwananchi.

Lugha ya kodi

Wajerumani hawakukileta Kiswahili bara. Misafara ya biashara ilikwishakifikisha Tabora na Ujiji kabla yao. Walichofanya ni kukiingiza ofisini. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walifungua shule ya serikali Tanga, na humo wakatoka makarani, walimu na wakalimani waliosambazwa wilayani kuandika barua, kutunza hesabu na kusoma amri mbele ya majumbe. Gazeti la Kiongozi lilichapwa hukohuko Tanga. Maofisa wa Kijerumani nao walilazimika kujifunza Kiswahili, maana utawala ungekwama bila hicho.

Tusiipambe enzi hiyo. Kiswahili kilichoandika barua ndicho kilichodai kodi, na akida, wakala wa utawala huo, alikuja akikisema, pamoja na askari na kiboko. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa mwanzo. Wananchi walielewa vizuri kabisa walichoamriwa. Walichokikataa ni dhuluma iliyokuwa ndani ya amri. Kuelewana na serikali, basi, ni mwanzo wa haki tu. Si haki yenyewe.

Waingereza waliowafuata Wajerumani waliendeleza mtindo huo, wakauwekea dari. Afisa wa wilaya alifanya mtihani wa Kiswahili, na jarida la serikali la Mambo Leo lilisomwa kuanzia mwaka 1923. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia tahajia, vitabu na kamusi. Lakini Mahakama Kuu, makao makuu ya serikali na Baraza la Kutunga Sheria vilibaki kwa Kiingereza. Mambo ya chini yakapewa Kiswahili, maamuzi ya juu yakapewa Kiingereza. Mgawanyo huo ndio tuliorithi, na ndio uliotutesa muda mrefu.

Amri ya mwaka 1967

TANU, chama cha kupigania uhuru kilichozaliwa mwaka 1954, kilifanya siasa yake kwa Kiswahili. Kiongozi wake, Mwalimu Nyerere, aliweza kuhutubia wilaya baada ya wilaya, mara nyingi bila mkalimani, na mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, alilihutubia Bunge kwa lugha hiyo. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huohuo sheria iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali.

Tazama jinsi mzigo ulivyogawanywa. Watumishi waliosomea Kiingereza walitakiwa kubadilisha nyaraka zao, madokezo yao na vikao vyao. Mkulima aliendelea kusema alivyosema jana. Serikali ndiyo iliyomfuata.

Matunda yalionekana upesi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliunganisha redio, vitabu vyepesi na vikundi vya kusoma vijijini, ikawafikia watu wazima wapatao milioni mbili. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa. Elimu ya watu wazima nayo ilizaa matunda: takwimu za serikali ziliwahesabu watu wazima wasiojua kusoma na kuandika kuwa takriban theluthi mbili mwaka 1967. Kufikia mwaka 1986 walihesabiwa kuwa takriban mmoja kati ya kumi. Kampeni iliyohitaji kutafsiriwa kwa lugha mia na ushei isingekimbia hivyo kwa fedha tulizokuwa nazo.

Ngazi za mahakama

Hata hivyo amri ile haikupanda ngazi zote. Mahakama ya mwanzo iliendeshwa kwa Kiswahili, kuanzia mashtaka hadi hukumu. Mahakama ya wilaya ilikuwa hadithi nyingine. Shahidi alisema Kiswahili, hakimu akamuuliza kwa Kiswahili, lakini kalamu ya hakimu iliandika Kiingereza. Hukumu ilitoka kwa Kiingereza, na mwenye shauri alimgeukia wakili, kama anaye, kuuliza ameshinda au ameshindwa. Aliyetaka kukata rufaa alipaswa kuzipinga sababu asizoweza kuzisoma, huku siku za rufaa zikihesabiwa. Bunge nalo lilijadili miswada kwa Kiswahili, kisha likapitisha sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza.

Kisingizio kilikuwa uhaba wa istilahi. Hakina nguvu. Orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili ilichapishwa tangu mwaka 1968. Kilichokosekana ni utashi.

Mlango ulifunguka mwaka 2021. Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, aliandika hukumu kwa Kiswahili katika shauri lililouhusu mgodi wa North Mara. Siku ya Sheria, Februari 1, Rais Magufuli alimsifu hadharani akamteua kuwa jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa penye sababu. Kazi iliyobaki ilikuwa kubwa: sheria za miongo mingi zilikuwa zikingoja tafsiri, na vyuo vikuu vingali vinafundisha sheria kwa Kiingereza.

Wasiofikiwa

Lugha moja ina watu inaowaacha nje. Wapo wazee Umasaini na Usukumani wanaoeleza maumivu yao kwa lugha ya mama pekee. Wapo baadhi ya Wahadzabe wa bonde la Eyasi. Wapo viziwi, ambao lugha yao ni ya alama. Kwao, dirisha la Kiswahili laweza kuwa limefungwa sawasawa na la Kiingereza, na kumtegemea mjukuu amtafsirie bibi habari za ugonjwa wake mbele ya daktari ni kumvunjia bibi heshima na kumtwika mtoto asiloliweza.

Hapa jirani zetu wametangulia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo, na inaitambua Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Mkalimani wa namna hiyo haipunguzii nchi umoja wake. Anaukamilisha.

Waliotangaza Kiswahili mwaka 1967 walianza kazi iliyo sahihi, na heshima tunayowapa ionekane katika kuimaliza. Kila sheria inayomfunga Mtanzania iwe na nakala ya Kiswahili. Kila hukumu isomeke na aliyehukumiwa. Kila hospitali ya wilaya na kila mahakama iwe na wakalimani wanaolipwa na serikali kwa wale ambao Kiswahili hakijawafikia. Mwananchi amekwisha kufanya sehemu yake. Amekibeba Kiswahili kutoka gulioni hadi dirishani. Sasa ni zamu ya wenye kalamu.