Kutoka tenisi hadi kriketi na gofu: Njia ya kuhama na njia ya kurudi

Msafiri atokaye Mombasa kuelekea Nairobi hufika Kyumbi, Machakos, mahali barabara ya kuingia mjini Machakos inapojitenga na barabara kuu. Anayekata kona hapo huwa na hakika ya mambo mawili: kwamba mbele yake kuna mji, na kwamba akitaka kurejea barabara kuu, njia ipo.

Mchezaji wa tenisi anayehamia mchezo mwingine wa mpira huhitaji hakika iyo hiyo. Kipaji huhama kwa wepesi. Kinachoamua hatima ya mchezaji ni mapokezi huko aendako, pamoja na mlango alioacha nyuma.

Mfano unaotajwa sana ni wa Ashleigh Barty wa Australia. Alitwaa taji la wasichana la Wimbledon mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 15, na kufikia 2013 alikuwa amecheza fainali tatu za Grand Slam za wachezaji wawili wawili. Mnamo Septemba 2014, akiwa amechoshwa na safari na upweke, aliiacha tenisi.

Mwaka uliofuata Australia ilianzisha ligi ya kriketi ya wanawake, na Barty akasajiliwa na Brisbane Heat ingawa alikuwa mgeni katika kriketi ya mashindano. Katika mechi yake ya kwanza, Desemba 2015, alipata mikimbio 39 kwa mipira 27.

Wajuzi wa michezo hiyo hawakushangaa. Katika tenisi, kama katika kriketi, mpira huja kwa kasi, hudunda, kisha hubadili mwelekeo. Mchezaji hana budi kuusoma ungali hewani, kupanga miguu, na kuzungusha kiuno na bega kabla mkono haujapiga.

Barty alirejea kwenye tenisi Februari 2016, akaanza upya katika mashindano madogo. Alishinda French Open mwaka 2019, Wimbledon 2021 na Australian Open Januari 2022, akashika nafasi ya kwanza duniani kwa jumla ya wiki 121. Alistaafu Machi 2022 akiwa na umri wa miaka 25. Wakati huo alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa wanawake wa klabu yake ya gofu, Brookwater, mwaka 2020.

Si wote waliopokewa vyema. Althea Gibson, Mmarekani mweusi, alishinda Wimbledon mwaka 1957 na 1958, enzi ambayo tenisi hiyo ilikuwa ya ridhaa na ubingwa haukuleta mshahara. Mwaka 1964 akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika mashindano ya gofu ya kulipwa ya wanawake nchini Marekani. Baadhi ya vilabu vilimnyima hata chumba cha kubadilishia nguo, akalazimika kubadilisha ndani ya gari lake. Hakushinda shindano lolote la gofu hiyo.

Miaka ya karibuni mlango mpya umefunguka. Jack Sock wa Marekani, aliyewahi kuwa nambari nane duniani, aliaga tenisi mwaka 2023 na kuingia pikoboli, mchezo uliobuniwa nchini mwake mwaka 1965. Huchezwa kwa kibao na mpira wa plastiki wenye matundu, katika uwanja mdogo kuliko wa tenisi.

Hapa nyumbani, wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Asif Karim, mzaliwa wa Mombasa, aliwapinga. Aliiwakilisha Kenya katika Kombe la Davis la tenisi, kisha akawa nahodha wa timu ya taifa ya kriketi katika Kombe la Dunia la 1999. Hakuwa mchezaji wa kulipwa wa tenisi. Riziki yake ilitoka katika biashara ya bima.

Baada ya kombe hilo alistaafu, lakini mwaka 2003 akaitwa tena. Mnamo Machi 15, mjini Durban, akiwa na umri wa miaka 39, aliwarushia mpira mabingwa wa dunia, Australia. Katika ova nane na mipira miwili alitoa mikimbio saba tu na kuangusha wiketi tatu, za Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg. Ova sita hazikuzaa hata mkimbio mmoja. Australia ilishinda, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi ilimwendea Karim. Kenya ilifika nusu fainali.

Jukwaa hilo halikudumu. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya kimataifa katika kriketi ya siku moja. Kwa upande wa tenisi, Angella Okutoyi alitwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili mwaka 2022, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na kuwa Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam la chipukizi.

Basi kijana wa Kyumbi aliye na raketi mkononi leo anaweza kujifunza gongo la kriketi kama alivyolijua Karim. Lakini gongo hilo halitamfikisha mbali ikiwa mchezo wenyewe hauna ligi ya kumlipa wala kombe la kumwalika.