Mti Uliopewa Jina la Wafanyabiashara

Siku mwezi unapopevuka katika mwezi wetu wa Jyeshth, ambao huwa kati ya Mei na Juni, akina mama wa jumuiya yetu hufunga saumu, huvaa sari zao nzuri, kisha huuzunguka mti ulio nyuma ya hekalu wakiuzungushia shina uzi wa pamba. Watoto huuliza kwa nini mti ufungwe uzi. Mwaka huu, katika kamati, tumesikia swali jingine: kwa nini mti huo usikatwe, maana mizizi yake imepasua ukuta wa ua, na magari hayana pa kuegeshwa? Kabla ya kulijibu swali la pili yatupasa kulijibu la kwanza.

Mti huo kwa Kigujarati huitwa vad, nao ni jamaa ya mkuyu. Kisa cha uzi kimo katika Mahabharata, pale mwenye hekima Markandeya anapomsimulia Yudhishthira huko msituni. Savitri, binti wa mfalme Ashvapati, alimchagua Satyavan, mwana wa mfalme kipofu aliyenyang'anywa ufalme, ingawa Narada alimwonya kwamba kijana huyo amebakiwa na mwaka mmoja tu. Siku ilipotimia, Satyavan alikuwa akikata kuni. Kichwa kikamuuma, akalala mapajani pa mkewe. Yama, mungu wa mauti, akaja mwenyewe kuitwaa roho. Savitri akamfuata nyuma akizungumza naye kwa adabu, na Yama kwa kupendezwa akamjalia haja moja baada ya nyingine, isipokuwa uhai wa mume: macho na ufalme wa baba mkwe, wana mia kwa baba yake, kisha wana mia kwa Savitri mwenyewe na Satyavan. Hapo Yama akanaswa, maana wana hao wangepatikanaje pasipo mume? Sisi tuliokulia nyuma ya kaunta twampenda Savitri kwa jambo hilo: alijua kupatana. Mapokeo husema hayo yalitokea chini ya vad, mti unaoshusha mizizi kutoka matawini, nayo mizizi ikawa vigogo vipya, hata mtu asijue shina la kwanza ni lipi.

Miti mingine mitukufu ni mingi. Majani ya bilva hutolewa kwa Shiva. Tulsi, ndugu ya mrehani wa Pwani, ni wa Vishnu. Katika Gita, Krishna ajitaja kuwa pipal miongoni mwa miti, na majani ya pipal yameonekana katika mihuri ya Mohenjo-daro, yenye umri wa miaka ipatayo 4,000. Lakini sisi Wagujarati tuna deni la pekee kwa vad.

Neno vaniyo, yaani mfanyabiashara, ndilo lililozaa jina Baniani, tulilolisikia utotoni katika methali ya kiatu chake dawa, nasi tukacheka pamoja na wateja. Katika karne ya 17 wasafiri wa Ulaya waliona karibu na Bandar Abbas, katika Ghuba ya Uajemi, mti mkubwa ambao chini yake Mabaniani walikuwa wamejenga kihekalu. Wakauita mti wa Mabaniani, na jina hilo likaenea ulimwenguni. Basi hata huko ugenini walikofanya biashara, wazee wetu walipata kivuli cha vad cha kuabudia.

Huko kwetu Gujarat, katika kisiwa cha mto Narmada karibu na Bharuch, uko Kabirvad, unaosemwa kuwa ulichipuka kutokana na mswaki alioutupa mtakatifu Kabir. Ni msitu wa mti mmoja. Na Bombay, katika miaka ya 1850, madalali wa hisa walikutana chini ya miti ya vad mbele ya Town Hall. Mwaka 1875 wakaunda chama, ambacho leo ndicho soko la hisa la mji huo. Hawakuwa na ofisi, walikuwa na kivuli.

Wazee wetu walipovuka bahari, vad haukuweza kuingia katika sanduku la bati. Waliweza kubeba mbegu za tulsi, na mpaka leo kila nyumba yetu ina chungu chake uani. Mti wa nyuma ya hekalu ulipandwa baadaye, wakati jumuiya ilipokwisha kuamini kwamba itakaa.

Fundi aliyeitwa kukadiria gharama alituambia kwamba kuusogeza ukuta hatua sita ni nafuu kuliko kung'oa mizizi, ijapokuwa tutapoteza nafasi ya magari manne. Kikao cha kamati kitafanyika baada ya sherehe hizi. Baadhi yetu tumekwisha kuchanga fedha za ukuta, na risiti tunazo.