Kianda Mbili za Nairobi

Wako watu wadhanio kwamba dini ni jambo la Jumapili, na kazi ni jambo la Jumatatu. Siku ya Bwana huvaa nguo safi, wakaenda Misa, wakaimba kwa sauti nzuri. Kesho yake imani yao huibakiza kanisani pamoja na vitabu vya nyimbo. Je, wazo hilo ni la haki? Natutafute jibu katika historia ya mji wa Nairobi, ambamo jina la Kianda, maana yake bonde kwa lugha ya Kikuyu, hupatikana mahali pawili.

Kianda ya kwanza ni ya darasani. Mwaka 1960, Kenya ilipokuwa bado chini ya Waingereza, shule ziligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Katika ofisi kubwa za mji ilikuwa nadra kumwona msichana Mwafrika ameketi mbele ya mashine ya taipu. Mwaka huo waliwasili wanawake wachache wa Opus Dei, chama cha Kikatoliki kilichoanzishwa Madrid mwaka 1928 na padre Josemaría Escrivá. Miongoni mwao alikuwa Olga Marlin, mzaliwa wa New York. Padre huyo alifundisha kwamba mtu hana haja ya kukimbilia nyikani ili awe mtakatifu. Kazi yake ya kila siku, ikifanywa vema na kwa upendo, yaweza kuwa sala.

Mwaka 1961 wanawake hao walifungua Chuo cha Kianda, kufundisha kupiga taipu, hati mkato na kazi nyingine za ofisi. Mwaka huo huo ulifunguliwa ukumbi mwingine wa elimu kwa wavulana, Chuo cha Strathmore. Milango ilikuwa wazi kwa watu wa kila rangi, na kwa wasio Wakatoliki vilevile. Miongoni mwa wasichana Waafrika wa mwanzo wa Kianda alikuwa Evelyn Mungai, ambaye baadaye alianzisha chuo chake mwenyewe cha ubunifu wa mavazi.

Labda utasema, msomaji, kwamba kupiga taipu ni jambo dogo mno kuitwa jambo la imani. Lakini fikiri. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru, na ofisi za serikali na za biashara zikahitaji watu wake wenyewe. Barua yenye makosa huchelewesha mshahara wa mtu. Hati iliyofichwa hunyima mjane shamba lake. Karani mwaminifu, atunzaye siri na kukataa hongo, humtumikia jirani ambaye pengine hatamwona kamwe. Tena, wasichana wa rangi mbalimbali kuketi benchi moja, katika mji uliozoea kuwatenga, lilikuwa fundisho lisilohitaji mahubiri. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba wito wa utakatifu ni wa Wakristo wote, si wa mapadre na watawa peke yao.

Kianda ya pili ni kijiji cha Kibera, upande wa magharibi. Kibera ilianza kuwa makao ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles na jamaa zao, Waislamu kwa dini. Baadaye wakaja watu wa makabila mengi kutafuta kazi. Huko, kama kule Kawangware, wengi huamka kabla ya jua kuchomoza: huyu mfua nguo, yule mchuuzi wa mboga, mwingine fundi wa ujenzi. Hao nao wana imani yao. Mwaka 1973 maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi waliazimia Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Majirani hukusanyika nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili, kisha huulizana: nani mgonjwa? Nani amefiwa? Nani hana kodi ya nyumba? Wala hawaishii kuuliza, maana mkono mtupu haulambwi.

Hata hivyo tusijidanganye. Imani ifanyayo kazi vizuri mezani, lakini isione kiu ya jirani, ni nusu ya imani. Tarehe 27 Novemba 2015 Papa Fransisko alifika Kangemi, si mbali na Kawangware, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Aliusifu ujirani mwema wa watu wa mitaa hiyo. Lakini papo hapo alisema kwamba kuwanyima maji ni dhuluma. Basi kazi njema na haki ni mapacha.

Na wewe, mwanafunzi? Huna bado ofisi wala karakana. Unalo daftari, unao ufagio wa bweni, unaye mwenzako asiyeelewa hesabu. Yosefu wa Nazareti hakuacha hata neno moja katika Injili; aliacha jina la seremala mwenye haki. Jumatatu ikifika, kumbuka kwamba Misa haijakwisha.