Ngitili na migodi: uwanja wa utafiti wa uzamivu

Wasomi wanaotafuta mada ya shahada ya uzamivu katika ikolojia ya mimea wanalo swali kubwa mikoani Shinyanga na Geita: ardhi iliyochimbwa dhahabu itaoteshwaje tena?

Shinyanga ilipoteza misitu kwa ukataji wa kuangamiza mbung'o, kilimo cha pamba na wingi wa mifugo. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioendelea hadi 2004. Nguzo yake ilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi. Eneo lilipofungwa, visiki na mbegu zilizobaki ardhini zilichipua zenyewe.

Machimboni hali ni tofauti. Udongo wa juu umeondolewa pamoja na mizizi yake, na wachimbaji wadogo huacha mashimo na marudio yenye zebaki. Hapo ndipo penye kazi ya mtafiti: ni miti gani ya asili inayostahimili marudio? Je, zebaki huingia katika nyasi zinazoliwa na ng'ombe? Na ngitili iliyo jirani yaweza kuwa chanzo cha mbegu?

Masomo ya uzamivu hutolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtafiti wa kigeni huhitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kijijini, ridhaa ya wenye ngitili hutangulia vipimo.