Utambuzi wa Mbegu za Mionzi katika Tezi Dume kwa Kompyuta

Utambuzi wa mbegu za mionzi kwa kompyuta ni mbinu ya kupata mahali hasa ilipotua kila mbegu iliyopandikizwa ndani ya tezi dume kutibu saratani. Mbegu ni kibomba cha titani chenye urefu wa milimita 4.5 hivi, kilichobeba iodini-125 au paladiamu-103. Kwa kawaida mgonjwa huwekewa mbegu 50 hadi zaidi ya 100 kwa sindano zinazopenya msambani, daktari akiongozwa na ultrasaundi iliyoingizwa puruni, njia iliyoanzia Denmark mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nguvu ya mionzi hiyo hupungua kwa kasi kadiri unavyokwenda mbali na mbegu. Ndiyo maana viungo vya jirani hunusurika. Na ndiyo maana mbegu iliyoteleza huweza kuacha sehemu ya saratani bila dozi ya kutosha.

Katika chumba cha upasuaji, hakuna picha moja inayotosha kuzipata. Ultrasaundi huonyesha mipaka ya tezi, lakini mbegu hupotea humo kati ya chembe za chokaa na damu iliyovuja. Eksirei huzionyesha waziwazi huku ikiificha tezi, tena vivuli vyake hupandana. Kwa hiyo kompyuta hupewa eksirei kadhaa za pembe tofauti, hupambanua vivuli vipi ni vya mbegu ileile, kisha huilinganisha ramani ya mbegu inayopatikana na ultrasaundi.

Wapo wanaosema kazi hii haina haja, kwa kuwa CT-skani ya mwezi mmoja baadaye hupima dozi kwa uhakika zaidi, tezi iliyofura kwa sindano ikiwa imekwisha kunywea. Kipimo hicho ni muhimu kweli, ila huja kwa kuchelewa: baada ya siku 30 iodini-125, ambayo nusu-uhai wake ni siku 59.4, imekwisha kutoa karibu asilimia 30 ya mionzi yake, na paladiamu-103 takriban asilimia 70. Pengo la dozi likionekana wakati huo, mgonjwa hurudishwa kwenye upasuaji. Likionekana angali amelazwa kwa dawa ya usingizi, sindano moja zaidi huliziba. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba tezi hufura kwa kuchomwa sindano, mbegu zikatengana, na pengo likaonekana kubwa kuliko lilivyo. Hiyo ni kweli, na mbegu ya ziada isiyohitajika karibu na mrija wa mkojo huudhuru. Kwa hiyo picha ya chumba cha upasuaji itumike kutafuta mapengo, si kutangaza dozi ya mwisho. Na kabla ya kuiamini, idadi ya mbegu ilizozihesabu kompyuta ilingane na idadi iliyotoka kwenye sindano.