Klorofili: Vipimo vidogo vinavyoamua uhai wa jani

JANI la mhindi huonekana kijani kote, mithili ya kitambaa kilichochovywa katika rangi moja. Hata hivyo, rangi hiyo haikutapakaa ovyo. Imo ndani ya molekuli ambazo ukubwa wake, na hasa umbali kati ya moja na nyingine, hupimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Umbali huo mdogo ndio unaoamua iwapo nuru ya jua itageuka kuwa chakula cha mmea au itapotea bure kama joto.

Umbo la klorofili

Klorofili ndiyo molekuli inayoupa mmea rangi ya kijani. Aina iliyo muhimu zaidi, klorofili a, ina atomu 137: kaboni 55, hidrojeni 72, oksijeni 5, nitrojeni 4 na magnesi moja tu. Mjerumani Richard Willstätter, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1915, ndiye aliyedhihirisha kwamba magnesi ni sehemu halisi ya molekuli hiyo.

Klorofili ina kichwa na mkia. Kichwa ni pete bapa yenye upana wa nanomita 1.5 hivi, na magnesi imekaa katikati yake. Mkia una urefu wa takriban nanomita 2, nao husaidia kuishikiza molekuli mahali pake. Vichwa zaidi ya 600,000 vikipangwa ubavu kwa ubavu vitaenea katika milimita moja.

Nuru nyekundu ambayo klorofili huinasa ina urefu wa wimbi wa karibu nanomita 670, yaani zaidi ya mara 400 ya upana wa kichwa hicho. Kwa hivyo klorofili hainasi nuru kama wavu unavyonasa samaki. Elektroni za pete ile huitikia mawimbi yenye nishati inayolingana na hatua zao, na kuyaacha mengine yapite au yarudi. Nuru ya kijani hunaswa kidogo kuliko nyekundu na buluu, ndiyo maana jani huwa na rangi hiyo machoni petu.

Umbali ndio siri

Nishati iliyonaswa hudumu katika klorofili kwa muda mfupi mno, hivyo lazima ipokezwe jirani upesi. Molekuli mbili zinapotengana vya kutosha, kasi ya kupokezana hufuata kanuni kali: umbali ukiongezeka maradufu, kasi hupungua mara 64. Kwa upande mwingine, klorofili zikirundikana bila mpangilio, nishati huzimika na kuwa joto.

Protini ndizo zinazotatua tatizo hili. Mwaka wa 2004, wanasayansi wa China walichapisha umbo la protini inayokusanya nuru katika jani la spinachi. Kila protini hushikilia klorofili 14, nyingi zikiwa na umbali wa nanomita moja hivi kutoka kwa jirani zao, pamoja na karotenoidi 4. Protini 3 huungana na kuwa kundi moja lenye upana wa nanomita 7 hivi. Karotenoidi, molekuli nyembamba zenye urefu wa karibu nanomita 3, huongeza nuru inayonaswa na kulikinga jani dhidi ya nishati iliyozidi.

Wingi huo una sababu. Hata katika jua kali, klorofili moja hupokea chembe chache tu za nuru kwa sekunde. Mwaka wa 1932, Robert Emerson na William Arnold wa Marekani walibaini kwamba klorofili 2,400 hivi hushirikiana kutoa molekuli moja ya oksijeni. Zilizo nyingi hukusanya nishati na kuielekeza kwenye kitovu ambako kazi ya kemia hufanyika.

Kitovu kinachopasua maji

Kitovu kimojawapo huitwa Fotosistemu ya Pili. Mwaka wa 2011, watafiti nchini Japani walionyesha umbo lake kwa undani, wakitumia sianobakteria wa maji ya moto. Kina nusu mbili zinazofanana, kila moja ikiwa na klorofili 35. Urefu wake ni nanomita 20.5, upana 11 na kimo 10.5. Ndani ya kila nusu mna kishada cha manganizi 4, kalisi 1 na oksijeni 5, ambacho hupasua maji na kutoa oksijeni tunayovuta.

Humo elektroni huruka kutoka kituo hadi kituo, na kwa kawaida kila mruko hauzidi nanomita 1.4. Kituo kimoja kikizibwa, safari hukatika. Hivyo ndivyo atrazini, dawa ya kuua magugu yenye atomu 28 pekee, inavyofanya kazi: hujipachika mahali pa kibebaji cha elektroni, na gugu huungua kwa nuru ile ile iliyokuwa ikililisha. Mhindi hunusurika kwa kuwa una uwezo wa kuivunja nguvu sumu hiyo.

Somo kwa mkulima

Mmea ukikosa magnesi, klorofili haiwezi kuundwa ipasavyo. Majani ya chini hutangulia kuwa manjano kati ya mishipa, kwani mmea huhamisha madini hayo kuyapeleka kwenye majani machanga. Upungufu wa nitrojeni nao huanzia chini, lakini katika mhindi umanjano huanza kwenye ncha na kufuata mshipa wa kati. Kwa kuwa dalili hizi hukaribiana, ni busara mkulima apime udongo kabla ya kununua mbolea. Kukosekana kwa atomu ile moja ya katikati ya pete kunaweza kuonekana ghalani wakati wa mavuno.