Sakafu za Macalder na hewa ya ndani: Vyeti havichunguzi kilichofukiwa chini

MWENYE jengo la kisasa mjini Nairobi anayetafuta cheti cha jengo lisilodhuru mazingira huweza kuulizwa gundi iliyoshikanisha mbao za sakafu yake ni ya aina gani. Katika Macalder, mji wa machimbo ulioko Nyatike, Kaunti ya Migori, swali hilo lina maana ndogo. Nyumba ya kawaida vijijini haina mbao chini ya sakafu. Ina udongo ulioshindiliwa na kusiribwa kwa samadi, au mawe na kifusi vilivyofunikwa kwa zege.

Hofu ya gundi ina msingi wake. Plaiwudi na chipubodi hutoa fomaldehaidi, gesi inayowasha macho na koo, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiorodhesha mwaka 2004 miongoni mwa visababishi vya saratani. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2010 kwamba kiwango chake ndani ya nyumba kisizidi miligramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa dakika 30. Mfumo wa Marekani uitwao LEED hudai mbao za namna hiyo ziwe zimepimwa. Zege, mawe na matofali ya udongo, hata hivyo, hupitishwa bila kupimwa kwa kuwa havitoi mvuke wa aina ya gundi na rangi. Nao mfumo wa EDGE, unaotumiwa pia nchini Kenya, hutoa cheti kwa akiba ya asilimia 20 katika nishati, maji na vifaa vya ujenzi. Usafi wa hewa si kigezo cha cheti hicho.

Kwa hiyo nyumba ya Macalder yenye sakafu ya zege ingefaulu mtihani wa gundi bila jasho. Taabu ni kwamba katika sehemu hizi za nchi, kinachotiliwa shaka ni mawe na udongo wenyewe.

Mgodi wa Macalder ulitoa shaba, dhahabu na fedha tangu enzi za ukoloni hadi ulipofungwa mwaka 1966. Uliacha marundo ya mchanga wa mabaki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa katika ukanda huo wa dhahabu viwango vya risasi, aseniki na zebaki vilipita vinavyokubalika. Mchanga huo ni laini, uko karibu na haugharimu lori. Fundi akiufukia chini ya zege nzima isiyo na nyufa, vumbi lake hubaki huko. Ukiwa sakafu ya udongo inayofagiliwa kila asubuhi, vumbi hilo hupanda hewani na mtoto atambaaye ndiye wa kwanza kulivuta.

Zebaki ni hatari zaidi. Wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga ili inase dhahabu, kisha donge huchomwa na zebaki ikatoka kama mvuke. Ikimwagika sakafuni haihitaji moto: huingia katika nyufa na kuendelea kuvukiza katika joto la kawaida la chumba. Kiwango ambacho WHO iliweka mwaka 2000 ni mikrogramu 1 tu kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Mkataba wa Minamata, ambao Kenya iliutia saini mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2023, unataka uchomaji wa donge katika makazi ya watu ukomeshwe.

Kaskazini, katika Kaunti ya Homa Bay, shaka ni ya namna nyingine. Miamba ya milima ya Ruri na sehemu za Lambwe ina madini ya thoriamu, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha mionzi ya asili iliyo juu ya wastani wa dunia. Thoriamu huzaa gesi ya thoroni, ambayo nusu yake hutoweka kwa sekunde 56 hivi. Haifiki mbali, kwa hiyo hutoka zaidi katika uso wa udongo ulio wazi, na tabaka la zege huizuia vizuri. Radoni, izaliwayo na urani, hudumu karibu siku nne kabla ya kupungua kwa nusu, muda unaotosha kupenya ufa wowote. WHO ilipendekeza mwaka 2009 isizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo, kwani husababisha saratani ya mapafu.

Kinga ya gesi na vumbi hivyo haihitaji vifaa vigeni. Mawe ya kujazia yatoke mahali panapojulikana, mbali na marundo ya mgodi. Juu yake itandazwe nailoni nzito, mapande yakipandana vizuri, kisha zege, na nyufa za kando ya kuta zizibwe. Mafundi wengi huitandaza nailoni hiyo kuzuia unyevu, wakaitoboa kwa koleo bila kujali. Tundu hilo ndilo njia ya radoni. Dawa ya mchwa inyunyiziwe chini ya nailoni, kamwe si juu yake.

Kwa zebaki iliyokwisha kumwagika, zege haitoshi: udongo uliochafuka hauna budi kuondolewa kwanza, na wajuzi wa kazi hiyo. Kufagia huisambaza tu.

Hubaki madirisha. Kandokando ya Ziwa Victoria hufungwa jioni kwa hofu ya mbu na malaria, na chochote kinachotoka sakafuni hulala chumbani pamoja na wenyeji. Wavu wa waya dirishani huzuia mbu na kuiachia hewa njia.